Basi lililokwama Stornoway Jumamosi: uchambuzi wa safari ya basi na feri Lewis na Harris

Kisa hiki ni cha mfano. Kundi, dereva na siku zake vimebuniwa, lakini njia, meli, kanuni za kazi ya udereva na tabia za kisiwa ni halisi. Kimepangwa hivi kwa sababu kwenye Lewis na Harris, kisiwa cha kaskazini-magharibi mwa Uskoti ambacho mji wake ni Stornoway, safari ya basi ni rahisi kuharibika mahali pamoja: siku ya kutoka.

Kundi lina abiria 36, kiongozi wa safari mmoja na dereva mmoja, katika basi la mita 12.3. Ni wiki ya pili ya Septemba. Linaondoka Glasgow Jumatatu na kurudi Jumamosi usiku, usiku tano zote zikilalwa Stornoway. Kwenda ni kwa feri ya Ullapool hadi Stornoway. Kurudi ni kwa feri ya Tarbert, upande wa Harris, hadi Uig kwenye kisiwa cha Skye, kisha barabara hadi Glasgow. Ramani huonyesha Lewis na Harris kama majina mawili, lakini ni ardhi moja. Kutoka Stornoway hadi Tarbert ni kama kilomita 60 kwa barabara ya A859, inayopita chini ya mlima Clisham wenye mita 799.

Kwa karatasi, mpango huu ni mzuri. Unaingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine, na abiria wanaiona Skye bila kulipia siku ya ziada. Ndiyo maana wapangaji wengi huupenda.

Siku ya kwanza tayari imebana

Glasgow hadi Ullapool kupitia Inverness ni kama kilomita 365. Kwa basi, ukiweka vituo vya chai na choo, ni kazi ya siku nzima. Dereva ameanza kazi saa moja na nusu asubuhi. Meli inaondoka saa kumi na moja na nusu jioni, inatia nanga Stornoway karibu saa mbili usiku, na basi linafika hotelini saa mbili na nusu. Hapo dereva ametimiza saa 13 tangu aanze kazi.

Kanuni inayomhusu ni Kanuni 561 ya mwaka 2006, iliyotungwa na Umoja wa Ulaya na kubakizwa katika sheria za Uingereza. Kuendesha kusizidi saa 9 kwa siku, au 10 mara mbili kwa wiki. Baada ya saa nne na nusu za kuendesha lazima apumzike dakika 45. Na ndani ya kila saa 24 tangu aanze kazi lazima apate mapumziko ya saa 11 mfululizo, yanayoweza kupunguzwa hadi 9 mara tatu tu kati ya mapumziko mawili ya wiki. Kwa hiyo saa 13 za Jumatatu ndizo zote alizokuwa nazo. Meli ikichelewa saa moja, ametumia ruhusa moja ya kupunguza. Ikichelewa zaidi ya saa mbili, amevunja sheria, na takografu ndani ya basi imeandika kila dakika. Muda wa kukaa melini hauhesabiwi kuwa wa kuendesha, lakini saa za siku yake zinaendelea kutembea hata akiwa ameketi anakunywa chai.

Hili abiria halioni, na si lazima alione. Kiongozi wa safari lazima alijue kama anavyojua idadi ya watu wake.

Kuingiza basi melini

Msomaji wa pwani anayezijua boti za kwenda Unguja asidhani mambo ni yaleyale. Huku basi lenyewe linaingia tumboni mwa meli, na bahari inayovukwa, iitwayo The Minch, huchukua kama saa mbili na nusu. Meli ya Stornoway ni MV Loch Seaforth, iliyojengwa Flensburg, Ujerumani, na kuanza kazi mwaka 2015. Ina urefu wa mita 116 na hubeba hadi abiria 700 na magari madogo 143. Ya Tarbert, katika kisa hiki, ni MV Hebrides, iliyozinduliwa mwaka 2000, na ni fupi zaidi, kama mita 99. Mwendeshaji ni kampuni ya feri ya CalMac.

Basi la mita 12.3 linameza nafasi ya karibu magari matatu madogo. Tena haliwezi kuwekwa popote: linahitaji safu zenye kimo kirefu, zilezile zinazogombaniwa na malori ya chakula, samaki na gesi ambayo kisiwa kinayategemea. Safari moja ikifutwa na magari yake yakalazimika kugawanywa kwenye safari nyingine, gari dogo hupenyezwa pembeni. Basi halipenyezeki. Abiria wa miguu, kwa upande mwingine, karibu kila mara hupata nafasi. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kisa chote.

Gatini, dereva huangalia maji. Maji yakipwa sana, hasa siku za bamvua, daraja la gati linalopokea magari huinama mno, na mkia mrefu wa basi nyuma ya magurudumu unaweza kukwaruza chuma. Dawa ni kupandisha basi kwa mifuko yake ya hewa kabla ya kugusa daraja, kuingia mwendo wa mtu anayetembea, na kulishusha tena ukifika sitaha. Akishaegesha: breki ya mkono, kengele ya wizi izimwe kwa sababu kuyumba kwa meli huiamsha, milango ya mizigo ifungwe. Kisha kila mtu apande juu, kwani hairuhusiwi kubaki sitaha ya magari meli ikiwa baharini. Mwenye dawa, miwani au sweta ndani ya basi avichukue sasa. Dawa ya kichefuchefu inywewe saa moja au mbili kabla ya kung'oa nanga. Ukisubiri mpaka tumbo lianze kupinduka, umechelewa.

Siku nne njema

Jumanne kundi linakwenda upande wa magharibi kwa A858: nyumba ya kale ya Arnol, yenye kuta nene za mawe na moto wa peat, udongo wa mboji uliokaushwa, katikati ya sakafu, ngome ya duara ya Dun Carloway, na mawe ya Callanish, yaliyosimamishwa karibu miaka 2,900 hadi 2,600 kabla ya Kristo. Jiwe la katikati lina karibu mita 4.8. Mawe yenyewe ni naisi ya Lewis, miongoni mwa miamba mikongwe kabisa ya Ulaya, mingine ikifikia umri wa miaka bilioni 3. Hapa mtu apewe saa nzima, si dakika ishirini za kupiga picha, na kama mvua inanyesha apewe saa hiyohiyo, maana mawe yakilowa ndipo mistari yake huonekana.

Jumatano ni Ness, ncha ya kaskazini, kwenye mnara wa taa wa Butt of Lewis wa mwaka 1862, wa matofali mekundu yasiyopakwa rangi. Alhamisi ni Harris: kanisa la Mtakatifu Clement huko Rodel, lenye kaburi alilojiandalia mkuu wa ukoo Alasdair Crotach MacLeod mwaka 1528, na ufuo wa Luskentyre. Basi la mita 12 lisiingizwe kwenye kijibarabara cha Luskentyre. Ufuo huohuo unaonekana vizuri kutoka Seilebost, kando ya A859. Ijumaa ni mji wa Stornoway na wafumaji wa Harris Tweed, kitambaa ambacho sheria ya Bunge ya mwaka 1993 inataka kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa hivi, majumbani mwao.

Sehemu nyingi barabara ni ya gari moja, yenye vipenyo vya kupishana. Uingereza huendesha kushoto kama Kenya na Tanzania. Kipenyo kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama mkabala nacho umwache mwenzako aingie. Usivuke upande. Na kipenyo si maegesho ya kupigia picha, hata kama kondoo wamesimama vizuri.

Siku zote nne dereva ameendesha. Ijumaa amefunga kazi saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi, saa kwa saa

Tangu Ijumaa mchana utabiri umetaja upepo mkali wa kusini-magharibi kwa Jumamosi yote, na kampuni ya feri imetoa onyo kuhusu safari ya Tarbert. Kiongozi anaamua kwenda hivyohivyo, akitumaini. Dereva anaanza kupakia mizigo saa mbili asubuhi. Saa nne kasorobo wako Tarbert. Saa nne kamili safari inafutwa.

Wengi hukasirika hapa, wakiitazama bahari na kusema mawimbi si makubwa. Mara nyingi mawimbi siyo sababu. Nahodha anafikiria gati atakakofikia: upepo ukiipiga meli ubavuni wakati inapunguza mwendo ili ifunge kamba, ubavu huo wote unakuwa tanga. Anayeamua ni yeye, na ni haki yake. Kisiwa hiki kina kumbukumbu ya Iolaire, meli iliyogonga miamba tarehe 1 Januari 1919, karibu kabisa na Stornoway, na kuua watu 201, wengi wao wanajeshi wa majini waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka vitani. Mnara wake uko Holm. Kundi lolote linalopita Stornoway lifike pale.

Kiongozi anarudisha basi Stornoway, saa tano na robo. Loch Seaforth itaondoka saa nane mchana. Tiketi huandika 14:00, na wenye mazoea ya saa zetu wachunge hapo. Basi linaingia foleni ya kusubiri nafasi, watu 36 wakiwa ndani. Sitaha imejaa wenye tiketi pamoja na magari yaliyohamishwa kutoka Tarbert. Saa nane meli inaondoka bila basi. Kurudi hotelini, kutafuta vyumba, kushusha mizigo: dereva anamaliza saa tisa na nusu alasiri.

Kuna nafasi ya basi kwenye feri ya Jumapili saa nane na nusu mchana. Kundi linashusha pumzi. Ndipo dereva anasema hawezi.

Kwa nini hawezi

Mapumziko yake ya wiki ya mwisho yaliisha Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Kanuni inasema mapumziko ya wiki mapya yaanze kabla ya kutimia vipindi sita vya saa 24, yaani kabla ya Jumapili saa moja na nusu asubuhi. Kwa kawaida ni saa 45. Yanaweza kupunguzwa hadi 24, ikiwa yale ya wiki jirani yalikuwa kamili na pengo linalipwa baadaye. Amemaliza kazi Jumamosi saa tisa na nusu. Saa 24 zinatimia Jumapili saa tisa na nusu. Meli itakuwa imeondoka saa moja nzima kabla. Na kuliingiza basi melini ni kazi. Hakuna hila ya kusema "ni mita mia tu".

Inayofuata ni Jumatatu saa moja asubuhi. Kundi linafika Glasgow Jumatatu jioni, siku mbili baada ya ahadi, na waliokuwa na ndege Jumapili wamezikosa.

Sasa tuirudie Jumamosi. Kama Ijumaa jioni, onyo likiwa limeshatoka, kiongozi angemwambia dereva alale na asiguse basi, mapumziko yangehesabiwa tangu saa kumi na mbili ya Ijumaa. Jumamosi saa kumi na mbili jioni saa 24 zingekuwa zimetimia, na Jumapili yote ingekuwa wazi. Hata baada ya kosa la kwenda Tarbert, bado kulikuwa na njia: kama basi lingeegeshwa saa tano na robo na dereva akaachwa, saa 24 zingetimia Jumapili saa tano na robo, saa tatu na robo kabla ya feri. Safari ya Tarbert haikuwaua. Kilichowaua ni foleni ya Stornoway, ambayo mtu yeyote wa bandarini angewaambia haina tumaini kwa basi siku ambayo safari nyingine imefutwa.

Uamuzi bora zaidi ulikuwa wa tatu: kutenganisha watu na basi. Abiria 36 wanunue tiketi za miguu kwa meli ya saa nane, kiongozi akodi basi la Inverness liwasubiri Ullapool, ambako ni kama saa moja na nusu kwa barabara. Wangefika Glasgow usiku uleule, karibu saa tano. Simu hiyo ipigwe kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu dereva wa Inverness naye ana saa zake. Kila mtu atabeba sanduku lake. Wasioweza kutembea vizuri wasaidiwe, na ofisi ya bandari iarifiwe mapema. Dereva wetu angebaki kupumzika na kuvuka na basi tupu Jumapili. Gharama ya basi la kukodi inauma, lakini ilinganishwe na usiku mbili za hoteli kwa watu 38.

Nani analipa

Kwa kanuni za abiria wa majini, safari ikifutwa una haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kusafirishwa kwa njia nyingine. Malazi ni jambo jingine: kampuni ya feri ikithibitisha kwamba hali ya hewa ilihatarisha usalama, hailazimiki kulipia hoteli. Mzigo huo unamwangukia aliyeuza safari. Kanuni za Uingereza za mwaka 2018 kuhusu safari za kifurushi, yaani usafiri na malazi yakiuzwa pamoja, zinamtaka mwandaaji abebe gharama ya malazi, hadi usiku tatu kwa kila msafiri, pale ambapo kurudi kumezuiwa na mambo yasiyoepukika. Lakini usiku wa Jumapili katika kisa chetu haukuletwa na upepo. Uliletwa na saa za dereva zilizotumiwa vibaya, na tiketi za ndege zilizopotea zitadaiwa kwa msingi huo.

Milango mingine ya kutokea

Mtu akitazama ramani huona kivuko cha Leverburgh kwenda Berneray na kusema: tushuke kusini, tupande feri ya Lochmaddy, bandari ya kisiwa cha North Uist, hadi Uig. Ni mtego. Kwa miaka mingi Lochmaddy na Tarbert zimehudumiwa na meli ileile, Hebrides. Iliyokwama huku imekwama na kule. Tena mkondo wa Sound of Harris ni wa maji mafupi na miamba, meli hupinda kama nyoka kati ya alama, na siku za bamvua maji yakipwa safari huweza kufutwa hata bila upepo. Ungehamisha tatizo kisiwa kingine chenye hoteli chache zaidi.

Tarbert yenyewe kwa kawaida haina feri ya Jumapili. Stornoway ilianza kuwa nayo Julai 2009 tu, baada ya mabishano ya miaka mingi, maana Jumapili hapa ni siku ya ibada kwa dhati. Maduka mengi na vituo vingi vya mafuta hufungwa, na Arnol pia. Kundi likijua litabaki, Jumamosi alasiri lijaze mafuta, linunue maji na vitafunwa, na lithibitishe chakula cha jioni hotelini. Jumapili yenyewe isitazamwe kama siku iliyopotea. Mawe ya Callanish hayana mlango wa kufungwa. Makanisani zaburi za Kigaeli huimbwa bila ala, kiongozi akianzisha mstari na waumini wakiupokea kila mmoja kwa mapambo yake, na mgeni aliyevaa kwa heshima hukaribishwa. Waislamu wana msikiti Stornoway tangu mwaka 2018.

Mpango uliopaswa kuuzwa

Kosa la asili ni la mpangaji, miezi kabla ya upepo. Aliweka siku ya kutoka kisiwani Jumamosi, mwisho wa saa za dereva, kwenye meli ndogo zaidi, na nyuma yake kukiwa na Jumapili yenye nafasi chache. Hata hali ya hewa ikiwa njema, mashine huharibika: Aprili 2021 injini ya Loch Seaforth iliharibika, meli ikakaa nje kwa wiki kadhaa, na meli zilizohamishwa kuziba pengo ziliacha mapengo kwenye njia nyingine.

Marekebisho yako mawili. La kwanza, dereva apewe saa 24 zake katikati ya safari, kuanzia Jumatano saa kumi na mbili jioni hadi Alhamisi saa hiyohiyo. Alhamisi kundi liende Harris kwa mabasi madogo mawili ya kukodi, na madereva wa palepale. Haya yanaingia Luskentyre na hata vijibarabara vya pwani ya mashariki ambavyo basi kubwa halithubutu. Baada ya hapo hesabu ya siku sita inaanza upya, na dereva ana uhuru hadi Jumatano inayofuata. La pili, kutoka kisiwani kuwe Ijumaa kwa meli ya Ullapool, usiku wa mwisho ulalwe Inverness, na Jumamosi ibaki kuwa akiba iliyojificha. Feri ya Ijumaa ikifutwa, Jumamosi bado ipo. Skye itakosekana, nayo inastahili safari yake yenyewe.

Anayenunua tiketi kwa ajili ya wazazi wanaotoka Mombasa au Muscat aulize mwuzaji maswali matatu kabla ya kulipa: kundi linatoka kisiwani siku gani, dereva anapumzika saa 24 lini, na nafasi ya basi kwenye sitaha imethibitishwa au inasubiriwa. Ndege ya kurudi isiwekwe chini ya siku mbili baada ya safari kuisha. Viza iwe na siku za ziada. Na dawa za kila siku, za presha na sukari hasa, ziwe za siku nne zaidi, kwenye mkoba wa mkononi, zisikae ndani ya buti la basi ambalo huenda likabaki ng'ambo ya The Minch peke yake.